Siku Pijo ya Baba Ilipoondolewa kwa Musa

Harufu ya grisi ikinifikia hapa mtaani Skuta, kutoka kwa jirani anayetengeneza pikipiki, mdomo hunikauka. Wajukuu hucheka, ati Cucu anaogopa mafuta. Siogopi. Ni hasira, na wewe nitakuambia ilitoka wapi.

Baba alikuwa na gari kuukuu, Pijo ya rangi ya maziwa, aliyoiosha kila Jumamosi kwa mikono yake. Fundi wake alikuwa Musa, pale mjini Nyeri. Kila ilipotengenezwa, Baba alinikalisha karakanani nichunge, Musa asije akabadilisha vyuma vyetu. Nikachunga kweli. Nilijua nati za hedi, kile kifuniko cha injini, hukazwa kuanzia katikati, kidogo kidogo, ukielekea pembeni, la sivyo hedi hupinda. Nilitamani siku moja nishike ile spana mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, injini ilianza kugongagonga. Nikasikiliza, nikamwambia Musa ni valvu ya tatu. Akafungua, ikawa hiyohiyo. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

"Mzee, gari hii mwachie huyu msichana. Fundi wako ndiye huyu!" akamwambia Baba alipokuja kuichukua.

Baba hakucheka. Jumapili iliyofuata akatuita sote, akasema Pijo haitarudi tena kwa Musa. Itatunzwa na ndugu yangu Gathogo, aliyesomea ufundi miezi mitatu.

"Huyu ako na cheti," akasema.

Gasketi iliyo chini ya hedi ilipoungua, Gathogo alifungua injini uani. Wakati wa kufunga akaanza na nati za pembeni.

"Si hivyo," nikasema. "Anza katikati."

"Wee Wangeci, ulisomea wapi? Kwa kunywa chai kwa Musa?"

Watu waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Baba akanyoosha kidole kuelekea jikoni. "Enda ukamenye viazi."

Nikaenda. Hedi ikapinda. Pijo ilitoa moshi mweupe kabla ya kufika lami, ikasukumwa mpaka nyumbani, haikuwaka tena. Baba alizeeka akiitazama, nami nikimhurumia kwamba hakujua ningeiweza.

Tulipokwisha kumzika, Mama akaniambia. Usiku wa ile Jumapili alimuuliza Baba kama Gathogo ataiweza. Baba akajibu, "Hataiweza. Wangeci ndiye angeiweza. Lakini heri ife, kuliko sokoni waseme gari yangu inatengenezwa na msichana."

Miaka yote nilidhani baba hakuniamini. Ningeweza kumsamehe hilo. Kumbe aliniamini.