Maziwa ya Kila Nyumba

Asli Kulow hakuweza kufundisha somo la pampu bila kuingiza kisa, na kwa sababu hiyo mkuu wa chuo, Bwana Abdimalik, alikuwa amemwita ofisini na kumpa onyo la mwisho. Amalize silabasi. Hadithi akawasimulie wanawe nyumbani. Akisikia kisa kingine darasani, mkataba wake ukiisha mwezi ule hatausaini tena.

"Umenisikia, Mwalimu?"

"Nimekusikia," alijibu Asli. Na kusikia si kukubali.

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Garissa, kando ya barabara ya Modogashe, kikiwafunza vijana kutengeneza mitambo ya visima. Asli alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kushika chaki. Alizunguka Wajir juu ya malori ya mifugo, mwanamke peke yake na sanduku lake la spana. Waliomcheka walichoka kucheka, yeye hakuchoka kazi. Alikuwa na sauti ya kuita ngamia, na uso usiojua kuomba radhi kwa jambo ambalo si kosa.

Asubuhi moja Farhiya, msichana wa pekee darasani, alikuja kuaga kipindi kikianza. Chuo kilikuwa kimempeleka kwenye kisima kimoja upande wa Modogashe akafanye mafunzo ya kazini, na wenye mifugo wakamrudisha siku hiyo hiyo. Hawakutaka msichana aguse mtambo wao.

"Naacha, Mwalimu. Habaryar, yule mdogo wa mama, ana duka la nguo Dagahaley. Nitaenda kumsaidia."

Asli alitazama dirishani. Bwana Abdimalik alikuwa hapo barazani, mikono nyuma, masikio wazi. Mtu mwenye akili zake angefungua kitabu kwenye sura ya valvu na kusoma kwa sauti tamu. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda. Hakuwakasirikia wafugaji, wale alikuwa amewazoea. Alikikasirikia kile kitabu, kilichojaa picha za pampu na hakina picha ya binadamu hata mmoja kando yake.

"Kaa," alimwambia Farhiya. "Kuacha utaacha kipindi kikiisha."

Akaanza. Kule Eldas, wakati wa ukame, pampu ilikufa na ngamia walikuwa wamejaa kisimani wakilia. Asli alishuka kwenye lori koo limekauka. Mama mmoja, Ardo, akamletea chombo cha maziwa. Akanywa yote, akafuta mdomo, akamshukuru Mungu. Alipofika kwenye kibanda cha jenereta akamkuta mzee Gelle ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Akaniambia, wewe umekunywa maziwa ya Ardo, wewe ni mgeni wa Ardo. Ukiwasha mtambo, ngamia wake ndio watakunywa kwanza. Na tena wewe ni mwanamke. Tutangoja fundi mwanamume kutoka Wajir."

"Ukaondoka?" Farhiya aliuliza.

"Niondoke niende wapi? Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kule kwetu mgeni ana mwenyewe, yule aliyemlisha kwanza, na mimi nilikuwa nimeshapata wangu kabla ya kufungua sanduku. Basi nikaenda nyumba ya pili nikasema, nipeni maziwa. Nikaenda ya tatu. Ukame ule, maziwa yalikuwa haba, lakini nani atamnyima mgeni mwenye kiu akaitwa bahili? Huyu funda moja, huyu mafunda mawili. Tumbo langu wallahi lilikuwa linaongea. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Gelle mwenyewe. Mkewe akanipa. Nikarudi kibandani nikamwambia, adeer, ami yangu, mgeni wa mke wako anataka kupita. Inuka."

Darasa likaangua kicheko. Farhiya peke yake hakucheka.

"Akainuka?"

"Aliinuka. Panya walikuwa wamekula waya tu, kazi ndogo. Na usidhani alinishukuru. Alinikodolea macho mpaka lori likanichukua. Sikuwa nimeenda kutafuta shukrani."

Mlango ukafunguliwa, Bwana Abdimalik akaingia.

"Mwalimu Asli, hayo yako ukurasa gani?"

"Hayapo. Ndiyo maana nayasema."

"Nilikuonya."

"Ulinionya. Na huyu msichana alikuwa anajua valvu zote na waya zote siku aliyofukuzwa. Kitabu kilimfundisha mtambo, hakikumfundisha mtu aliyekaa mlangoni. Nani atamfundisha, kama si aliyewahi kuambiwa toka?"

"Basi mkataba wako—"

"Usiusaini. Lakini kipindi hiki ni changu mpaka kengele ilie, na hujabisha hodi."

Bwana Abdimalik aligeuka, akatoka. Asli akachukua chaki akachora valvu, akaifundisha vizuri mpaka mwisho.

Mkuu wa chuo alitimiza ahadi yake. Mwezi ulipoisha Asli alifunga spana zake bila kumbembeleza mtu. Wenzake walimshauri aende ofisini akaombe msamaha kidogo tu, kidogo hakiumizi. Akawauliza aombe msamaha wa kosa gani. Wakarudi madarasani, nao walikuwa na mikataba ya kulinda.

Alikuwa hajatoka getini simu ilipolia. Upepo ulikuwa unavuma ndani yake, na mbuzi, na sauti za wanaume waliokasirika.

"Mwalimu, ni Farhiya. Sikwenda Dagahaley, nilirudi kile kisima cha Modogashe. Wamenikataa tena."

Asli aliweka sanduku chini. Moyo ulimwuma kweli. "Wamekupa maziwa?"

"Hapana, nyumba zote zimeninyima. Wamesema hicho kisa chako wanakijua."

"Sasa uko wapi?"

"Mlangoni mwa kibanda. Nimewatangulia kukaa mimi. Wanangoja niondoke ndipo wamlete fundi wao."

"Una maji ya kunywa?"

"Ninayo."

"Basi usiinuke."