Ubalozi Uliofungwa Bondeni

Januari hii, Nakuru ikiwa bado inanuka moshi wa nyumba zilizochomwa kwenye vita vya kikabila baada ya uchaguzi, niliingia saiba moja, duka la intaneti, pale mtaa wa Bondeni. Vijana wawili, marafiki, walikuwa wakicheza ule mchezo wa mtandaoni ambapo kila mmoja anaunda nchi yake, anaweka mikataba na kufungua ubalozi kwa wenzake.

"Nimefunga ubalozi wako," mmoja alisema bila kugeuka. "Mkataba pia nimefuta."

"Kwani nimekukosea nini, buda?"

"Wewe, hakuna. Watu wenu walichoma kwetu."

"Lakini nchi zetu hazina kabila!"

"Sisi tuko nalo."

Akavaa kofia, akatoka. Mwenzake alibaki akituma ombi la ubalozi mpya, tena na tena.

Tunaambiwa vita hivi ni vya kugombania mashamba. Nchi zile hazikuwa na shamba hata moja.