Disketi Arobaini na Moja za Bujiku

Kabla ya Bujiku, Segese nzima haikuwa na mtu mwenye kompyuta sebuleni, asikudanganye mtu. Wenzake waliouza dhahabu mwaka ule wa 1998 walinunua pikipiki. Yeye, aliyeishia darasa la nne na hata huko zaidi alikuwa anachungulia dirishani, alikwenda Mwanza akarudi na kompyuta imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Mkewe Mageni aliizunguka mara mbili, akauliza, "Baba Loveness, hii inakamuliwa au inalima?"

Jibu lilikuja Pasaka. Mama yake Bujiku alikuwa kitandani, hali mbaya, akataka kumwachia neno binti yake Limi, aliyeolewa Buseresere na mwanamume ambaye Bujiku hakumtaka. Bujiku akachomeka maikrofoni, mama akasema kwa Kisukuma dakika mbili na nusu, yote yakaingia ndani ya mashine. Wiki iliyofuata wakamzika. Limi hakuwepo. Ukoo ukamtia doa la binti aliyesusa msiba wa mama yake, maana Bujiku aliapa mbele ya watu kwamba alimpelekea habari mara mbili, tangu mama akiwa bado kitandani. Hakupeleka hata mara moja. Alikuwa amenuna tu. Mama alilijua hilo, na ndilo alilolisema kwenye maikrofoni.

Sasa Bujiku, kwa ubishi wake wote, hakuthubutu kuifuta sauti ya mama. Wala hakuthubutu kuyasema yale kwa mdomo wake. Akapanga mpango wa kijanja: Limi akija kumaliza matanga mwezi wa kumi, atabonyeza kitufe, kisha atatoka nje kuangalia jenereta. Mayu, yaani mama, mwenyewe amsemee.

Siku tatu kabla Limi hajafika, akamruhusu jirani mchomeleaji wa mageti achomeke waya kwenye jenereta ile ile inayoendesha kompyuta. Umeme ukaruka, diski ya ndani ya kompyuta ikaanza kugonga ko, ko, ko, ikafa. Akamwita Tanvir, fundi wa redio na kompyuta kutoka Shinyanga mjini, aje na diski mpya.

"Usihangaike," Bujiku alimwambia fundi, kifua mbele. "Mwezi wa saba si ulinifundisha kutoa nakala ya diski nzima? Ninayo. Mashine yote na vilivyomo, disketi arobaini na moja. Nimezitunza mahali hata mwizi hajui."

"Basi utapona, Mzee Bujiku," Tanvir akasema. "Ila ziwe zote. Ikipungua moja, tumekwama."

Ijumaa asubuhi Limi akafika. Alimwamkia kaka yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye kiti karibu na mashine bila kuvua kitenge cha begani. "Nimekuja kuisikia sauti ya mama mliyonitumia habari zake," alisema. "Mengine mtanisema Jumapili kwenye matanga, nimezoea."

Bujiku akaleta debe lake la biskuti. Disketi zilipangwa moja juu ya nyingine, namba moja juu kabisa. Tanvir akaanza kuilisha mashine. Inameza, inakoroma, inaomba nyingine. Disketi ya kumi. Ya ishirini. Mageni akaleta chai, ikapoa. Kila namba ilipopita Bujiku alikohoa kwa majivuno, na kila alipokohoa Limi alisogeza kiti karibu zaidi.

Ya thelathini na tatu ikapita. Ya thelathini na nne, mashine ikakwaruza, ikagoma. Tanvir akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikagoma. Akajaribu ya thelathini na tano kwenye mashine yake ndogo aliyokuja nayo. Haina kitu. Ya thelathini na sita, nyeupe kama haijawahi kuandikwa.

"Mzee, hili debe linakaa wapi?"

"Chini ya kitanda. Ndimo ninamoweka vitu vyangu vya maana."

Tanvir akatoa disketi zilizobaki. Chini kabisa, imeng'ang'ania bati, ilikuwa sumaku nene ya spika, ile ambayo wanunuzi wa dhahabu huipitisha juu ya unga wa mawe iondoe vumbi la chuma. Sumaku ya Bujiku ilikuwa kali kuliko zote Segese, na alishawahi kukutambia hivyo kama ulikaa naye dakika tano.

"Hii ndiyo imezifuta," Tanvir akasema taratibu.

"Si ni kitu cha maana pia," Bujiku akajibu. "Nikaviweka pamoja. Fundi, jaribu tena."

Akajaribu tena. Akajaribu mara ya nne, ya tano, mpaka Bujiku mwenyewe akaishika disketi na kuifuta kwa shati, akaisukuma kwa kidole. Mchana ukapita hivyo. Mwisho Tanvir akaiwasha mashine kwa disketi yake ya kuanzia, akafungua orodha ya vilivyorudi. Neno MAMA likatokea kwenye kioo. Limi akainuka.

"Hilo hapo. Lifungue."

Tanvir alihangaika kitambo, akatikisa kichwa. "Jina limerudi, dada. Sauti haikurudi."

Limi akalitazama lile jina. Hakulia. Aliuliza tu, "Kaka, wewe uliisikia. Mama alisema nini?"

Bujiku akatazama mlango. Jenereta ilikuwa inanguruma vizuri, haihitaji mtu. Angeweza kusema lolote: kwamba mama alimbariki, kwamba aliwaombea wote. Hakuna tena wa kumkosoa, si mtu, si mashine.

"Alisema alikungoja," akaanza. "Alisema huna kosa."

"Si hivyo. Kwa maneno yake."

Basi Bujiku akakaa chini sakafuni, akaanza upya kwa Kisukuma, neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa ameisikiliza sauti ile peke yake mara nyingi kuliko alivyotaka watu wajue. Alipofika mahali pa jina lake mwenyewe, akaanza kuifuta tena disketi kwa shati. Mageni akasimama mlangoni na birika. Tanvir akainamisha uso.

"Endelea," Limi akasema.

"'Bujiku anasema amekuita,'" akasema Bujiku. "'Mwanangu Bujiku ananidanganya.'"