Anwani ya Redio ya Baba

Baba alihamia Mombo kwa amri ya daktari, na daktari huyo hajasamehewa mpaka leo. Kifua chake kilikuwa kimeikataa baridi yetu ya huku Kwai, milimani. Ukungu ukishuka tu, anaanza kukohoa, na mama anakaa kitandani macho makavu akimsikiliza. Tukampangishia vyumba viwili kule chini kwenye joto. Mama akabaki na ng'ombe na kabichi zake, na mimi nikabaki na mama.

Redio nayo ilibaki. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni ile ya mawasiliano ya ridhaa, ambayo mtu mwenye leseni huzungumza na wenzake wa nchi za mbali bila malipo na, kwa maoni ya mama, bila sababu. Antena yake imefungwa juu ya mkaratusi nyuma ya zizi. Mombo hapakuwa na pa kuifunga, na milima yenyewe ingemziba. Kwa hiyo kabla ya kuhama, baba aliiunganisha redio na intaneti ya nyumbani kwa waya. Akiwa Mombo anashika kishikwambi chake, anapitia kwenye ruta yetu, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, na ruta inampeleka mpaka kwenye redio. Anaongea akiwa chini, sauti inatokea juu.

Siku yake ni Ijumaa, baada ya swala, ambapo wenzake wa hewani hukutana. Mambo yalikwenda vizuri, halafu ikaja Ijumaa redio ikagoma. Ijumaa iliyofuata ikagoma tena.

"Umegusa nini?" baba akaniuliza kwenye simu, hata shikamoo yangu hajaiitikia.

"Sijagusa kitu, baba."

"Basi Ijumaa ijayo ikigoma napanda basi. Bora nikohoe nikiwa karibu na redio yangu."

Nikajua kwamba hatanii. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya kung'ata vidole, na mara ya mwisho alipoumwa katika baridi kama ile tulimpeleka hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nikaikasirikia ruta. Nikaondoa kile kitambaa cha kufuma ambacho mama alikuwa ameivisha, kama alivyovivisha viti na televisheni. Nikabadilisha waya. Nikapanda ngazi kukagua antena huku ng'ombe wakinitazama. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Jumamosi redio ilishikika, Jumapili ikashikika, na katikati ya wiki baba akaijaribu akaisifu. Ni Ijumaa tu iliyokuwa na nongwa.

Ijumaa hiyo nikafunga duka langu la ushonaji mapema, nikakaa na kompyuta chumbani mwa baba. Sebuleni wageni wa mama walishaanza kufika. Tangu baba aondoke, majirani na shangazi yangu, dada yake baba, walikuwa wanakuja kila Ijumaa kumliwaza mama kwa chai ya maziwa, wakiongezeka wiki hadi wiki. Na mama ana utaratibu wake: mgeni akivua viatu tu, anatajiwa paswadi ya waifai, kabla hata ya kikombe.

Baba akapiga. "Haishikiki. Naanza kufunga begi."

"Nipe dakika chache, baba. Nakuomba."

Kila kifaa kwenye mtandao wa nyumba kina anwani yake, namba ambayo kinaitwa nayo. Nikaiita anwani ya redio kwa kompyuta, ikajibu. Kumbe ipo! Nikaizima redio, nikachomoa na waya wake, nikaiita tena ili nione ukimya.

Ikajibu.

Nikautazama waya mkononi kuhakikisha kweli nimeuchomoa. Kisha nikacheka peke yangu, maana sebuleni nilisikia simu zikilia. Nikatoka.

"Shikamooni. Samahani, naomba kila mmoja azime waifai kwenye simu yake, mmoja mmoja."

Wakatazamana. Mama akanikata jicho. Jirani wa kwanza akazima, anwani ikaendelea kujibu. Wa pili, wa tatu, bado inajibu. Shangazi alipozima yake, ikanyamaza.

"Yaani mimi ndiye niliyekalia kiti cha kaka yangu?" shangazi akasema, mkono kifuani. Sebule nzima ikaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote.

Ndivyo ilivyokuwa. Baba aliipa redio namba kwa mkono wake, akiwa amehesabu simu za watu wa nyumbani na kuongeza kidogo. Ruta nayo hugawa namba kwa mpangilio kwa kila anayeingia, na Ijumaa ilikuwa inagawa mpaka inafika kwenye namba ya redio na kumpa shangazi. Baba, mtu aliyezaliwa katika nyumba isiyokauka wageni, alisahau kuhesabu wageni.

"Mama, si tubadilishe paswadi, usimpe mtu?"

"Nimpe mgeni chai halafu nimnyime mtandao? Iondoe hiyo redio, yaishe."

Kwa hiyo nikarudisha waya, nikaiwasha redio, nikaihamisha yenyewe badala ya wageni. Nikaipa namba ya juu kabisa, ambayo ruta haiigawi hata tukifanya harusi, kisha nikaielekeza ruta huko. Shangazi akawasha waifai yake tena, kwa kuombwa. Baba akajaribu. Kutoka chumbani sauti yake ikatoka kwenye spika, nzito na yenye madaha, ikiwaita wenzake. Mtu wa mbali akamjibu. Kwa furaha niliyoisikia, nilitaka kumkumbatia yeyote aliyekuwa karibu.

Akapiga simu baadaye. "Nimefungua begi. Sina tena haja ya kupanda."

Nikampelekea mama habari jikoni. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kusuuza vikombe, taratibu mno. Hapo ndipo nilipoona blanketi la baba limeanikwa uani, limefuliwa, na karibu na jiko kuna kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Mama alikuwa amejiandaa kumpokea. Yeye pia aliogopa baridi ile, lakini alikuwa amejiandaa. Furaha yangu ikaniganda mdomoni.

"Mama," nikasema, "ng'ombe nitakamua mimi. Nenda."

Hakubisha hata kwa adabu. Alhamisi akateremka Mombo na chupa ya maziwa na kikapu cha mapea.

Ijumaa nikawakaribisha wageni mwenyewe, paswadi kwanza. Ilipofika saa ya baba, tukanyamaza wote kumsikiliza. Alikuwa anamweleza mwenzake hali ya hewa ya Mombo, joto na vumbi, na nyuma yake, wazi kabisa, tukamsikia mama:

"Mwambie nimekuja."