Kurasa za Kushoto

Naona haya kukwambia, rafiki yangu, lakini nitakwambia tu. Idi iliyopita nilisali, nikala, nikapokea simu za watu, na kufika siku ya tatu msahafu wangu ulikuwa umesharudi juu ya kabati, chini ya mashuka. Nadhani na wako uko huko huko. Ndipo mama mdogo aliponipigia simu kutoka mtaa wetu wa zamani, Kadutu. Mvua ilikuwa imepasua tena ardhi nyuma ya nyumba yetu ya zamani, walikuwa wanabomoa kuta za mbao kabla mlima haujazichukua, na kulikuwa na kitu cha bibi yangu cha kuja kuchukua.

Nilipanda kile kilima huku nahema. Zamani nilikipanda mbio, pekupeku. Nyumba ilikuwa imebaki nguzo tupu, na pale palipokuwa jikoni sasa unaliona ziwa. Mama mdogo alinikabidhi furushi la kitenge, akarudi kwenye mbao zake. Miaka hii imemchosha kila mtu hapa Bukavu. Ndani ya furushi mlikuwa na msahafu wa Tate.

Tate ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake mama. Alizaliwa Kasongo kwa watu wa dini, akaolewa, akaletwa huku kwenye baridi katikati ya majirani Wakatoliki, ambao kusema kweli alipatana nao kuliko alivyopatana na sisi. Mwezi wa Ramadhani nyumba nzima ilinukia tangawizi na bitumbura, yale maandazi ya mviringo, na watoto wa jirani waliijua saa ya kufuturu kuliko mwadhini. Kisha ikaja Idi, nguo mpya, pilau. Kesho yake, wakati sisi tungali tumelala na matumbo yetu yaliyojaa, Tate alituketisha mkekani na kumuuliza kila mmoja: ni kitu gani cha Ramadhani ambacho hatakifungia sandukuni pamoja na nguo za Idi? Ilikuwa desturi yake ya kila mwaka. Ulitaja kimoja tu. Ukitaja viwili alikukatalia, maana alijua unajisifu.

"Mungu haiko lokatere wa mwezi moja," alisema kila mara. Lokatere ni mpangaji.

Mama alichagua zile funga sita za Mfunguo Mosi. Tate mwenyewe aliendelea kufunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Jirani yetu, mama mmoja aliyeuza sambaza sokoni, alimletea vile visamaki vya kufuturia huku akimtania kwa kutaja Kwaresima yao: "Kareme yetu inaishaka ku Pasaka. Ya kwako, maman, haiishake?" Tate alicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mwalimu wa madrasa alikuwa amenisifu mbele ya watu. Nikasema nitasoma msahafu kurasa mbili kila alfajiri baada ya sala, mpaka nihitimu kabla ya Ramadhani nyingine. Nilisema kwa majivuno tu. Lakini Tate alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, herufi hakuziona tena, na alitamani asomewe hitima moja nyumbani mwake kabla hajafa. Alitwambia hivyo waziwazi, siku ile ile. Neno langu likawa zito, na nilikuwa nimeshalitoa.

Basi kila asubuhi niliukuta msahafu ameshaufunua juu ya kibao chake, ukurasa wa kulia na wa kushoto. Yeye alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao, anapepea makaa, anachagua maharage, anasikiliza maneno aliyoyajua kwa moyo. Nikivuta herufi isiyovutwa, alikohoa, mara moja tu, kikohozi kikavu. Nikirudia nikapatia, nilisikia maharage yakiendelea kudondoka kwenye sufuria. Nikimaliza nilikimbilia shule, naye alinawa mikono, akaja kuufunga msahafu. Hakumruhusu mtu mwingine aufunge.

Miezi ya kwanza nilisoma vizuri, na nilifurahi, usinione hivi. Kisha mvua zikazidi, njia zikawa tope tupu, na shuleni wachelewaji walipigishwa magoti kwenye kokoto mbele ya bendera. Asubuhi moja wenzangu waliniita kutoka barabarani. Nilikuwa nimemaliza ukurasa wa kulia. Nikautazama wa kushoto, nikautazama mlango, nikasema maneno ya kumalizia, nikachukua mkoba.

Tate hakukohoa.

Nikajua hajui. Kesho yake nilikuta ukurasa mpya umefunuliwa, kama kawaida. Wiki iliyofuata nikafanya tena, na baadaye hata siku zisizo na mvua. Mtoto akishaona mlango haufungwi, unafikiri atapitia wapi?

Mwezi wa Shaabani Tate akaugua, nami nikamalizia kusoma nikiwa nimeketi karibu na kitanda chake. Siku ya hitima mwalimu alikuja akaomba dua, jirani akaleta sambaza sahani nzima, na watu wakanipongeza. Walipotoka, Tate alinishika kiganja.

"Ulisoma yote?"

"Yote, Tate."

"Bon. Ile inabakia, utanisomeaka pole pole."

Nilidhani ni homa inayosema. Ramadhani ilimkuta kaburini.

Sasa nikawa nimesimama kati ya zile nguzo, nikafungua furushi, nikafunua msahafu. Kwenye mshono wa ukurasa mmoja kulikuwa na uzi mwekundu, mfupi, umechomolewa kwenye pindo la kitenge kile kile cha furushi. Nikafunua mbele, nikakuta mwingine. Mbele tena, mwingine. Nilihitaji muda kabla ya kuelewa, kisha nikaketi juu ya rundo la mbao. Kila nilipouruka ukurasa wa kushoto, yeye alikuja, akaukuta msahafu umelala wazi pale pale, akaweka uzi. Kikohozi kilikuwa cha kunirekebisha nilipokosea. Ile haikuwa kukosea, naye alilijua hilo kuliko mimi.

Nililia sana. Mama mdogo alifikiri naililia nyumba, akanipigapiga mgongoni.

Nayo nyumba ilistahili kuliliwa. Jiko limekwisha, na ukuta wa mbao umekuwa kuni. Jirani alihamia Minova wakati watu walipokuwa wakikimbia vita huku na huku, na hatujasikia habari zake tena. Siku ya pili ya Idi hakuna tena anayetuketisha mkekani, na sote tumekuwa wapangaji wa mwezi mmoja.

Leo, baada ya sala ya alfajiri, nilifunua kwenye uzi wa kwanza nikausoma ukurasa wa kushoto kwa sauti. Uzi sikuutoa. Kwenye mstari wa tatu nilivuta herufi, nikahisi kama sivyo, nikasita. Ningetoa chochote nisikie kikohozi kile. Nilingoja mpaka chai ikapoa, kisha nikaurudia mstari peke yangu, nisijue kama nimepatia.