Gitaa la Shamba la Migomba

Mjomba wangu alibadilisha shamba kwa gitaa. Sisemi kwa mafumbo. Ujanani, alipokuwa akipiga muziki wa dansi Morogoro mjini, alimpa mwanamuziki mwenzake wa Ngerengere kipande cha shamba letu la milimani, chenye migomba na kijito, akachukua gitaa la umeme. Na shamba lenyewe halikuwa lake. Kwetu Uluguruni ardhi ni ya ukoo, na ukoo unakwenda kwa mama. Mtu hupewa alime tu.

Ndugu hawakusahau. Akilishika gitaa, lazima mtu aulize, "Mjomba, mkungu umekomaa?" Mama yangu, dada yake mkubwa, alikuwa mkali kuliko wote. "Mchuma janga hula na wa kwao," alikuwa akisema, "haya, njooni tule nyuzi za gitaa feki." Mjomba alijibu neno moja tu: "Orijino." Miaka nenda rudi, orijino, orijino. Mimi nauza mitumba sokoni, feki naijua hata kwa kupapasa, na kusema kweli nilikuwa namwonea huruma.

Mwaka jana nikachoka. Nikalipiga gitaa picha, nikamtumia bwana mmoja wa Dar anayenunua ala za zamani. Akasema anakuja kulikagua. Mjomba kusikia hivyo, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili zake, akaita ukoo mzima uje ushuhudie. Alitaka waje wamwombe radhi pale pale uani.

Yule bwana alikuja na tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Akaligonga gitaa tumboni kama mnunuzi wa fenesi: pembeni likalia wazi, katikati likalia zito. "Safi," akasema, "ndani kuna gogo katikati, pande mbili ni tupu. Ndivyo yalivyotengenezwa haya." Akamulika kwenye yale matundu mawili yaliyopinda, akasoma lebo iliyobandikwa ndani. Akafungua skrubu, akatazama sumaku za sauti, funguo za nyuzi, hata nyufa za rangi. Mama akasonya.

"Mzee," bwana akasema, "hili ni la kweli. Hakuna hata kifaa kimoja kilichobadilishwa." Kisha akamnong'oneza bei. Hajui kunong'ona yule, tulisikia wote.

"Niliwaambia nini! Niliwaambia nini mimi!" Mjomba alirukaruka na magoti yake mabovu. Maskini, hakufaidi hata dakika. Binamu yangu akakohoa, akasema, "Basi kama limetokana na shamba la ukoo, ni mali ya ukoo. Liuzwe, tugawane." Na watu wale wale waliokuwa wakilicheka wakaanza kuliita gitaa letu. Letu! Jamani, watu hawana haya. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kuona bati jipya juu ya nyumba yangu.

Mjomba akalikumbatia gitaa lake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Huyu bwana kakosea," akasema. "Ni feki."

Hakuna aliyecheka.

"Feki kabisa," akaendelea. "Mlikuwa mnasema kweli siku zote. Niachieni tu feki langu."

Nililia, sifichi. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, maana mtu amebeba neno lake moja tangu sijazaliwa, siku linathibitishwa ndiyo siku tunayomlazimisha alikane. Bwana wa Dar akajifanya anatafuta skrubu chini.

Mama akanyanyuka. "Nyamaza wewe! Shamba la mama yetu liliwe na feki? Thubutu!" Akamgeukia binamu. "Na wewe, lini uliona mali ya ukoo ikiuzwa? Aliyetoa ni huyu mmoja, tumemsimanga mpaka meno yamemtoka. Unataka iwe zamu yako?"

Mama akalitoa gitaa mikononi mwa mjomba, yeye ambaye hakuwahi hata kuligusa kwa kidole. Mjomba akafumba macho. Mama akalishika kidogo, akashangaa uzito wake, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ukoo umekupa," akasema. "Lima."