Kiitikio Mara Nne

Kwa karibu miaka ishirini nilikana kwamba nina kifafa. Nilisema ninawaza. Mtu aliyefika chuo kikuu anaruhusiwa kunyamaza katikati ya sentensi na kutazama ukuta, nami niliitumia ruhusa hiyo bila aibu. Nyumbani Newala walikwisha kuniita Msomi kabla sijamaliza shule ya msingi. Nikitumwa chumvi nilisimama mlangoni nimekodolea hewa macho, na baba akasema mtoto anayefikiri namna ile asipotezwe shambani, asomeshwe. Kwa hiyo shahada yangu, ukiitafuta mizizi, ilitokana na ugonjwa.

Kifafa nilikijua. Kilikuwa kile cha jirani yetu, aliyeanguka, akakakamaa, akatupa mikono na miguu, akatoka povu, watu wakarudi nyuma wakiambiana asiguswe. Mimi sikuanguka wala sikutoka povu. Basi sikuwa nacho. Niliridhika na hoja hiyo kwa sababu niliijenga mwenyewe.

Mtu mmoja tu hakuziheshimu fikra zangu, binti wa mjomba wangu. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani ana haki ya kukusema hata msibani, nawe huna haki ya kununa. Aliuza mitumba sokoni Newala, miaka ile biashara iliporuhusiwa kwa kila mwenye turubai la kutandika chini. Kwenye kila harusi, wapiga ngoma wakipumzika, aliitwa aniigize. Alisimama katikati, akainua kikombe, akaganda. Pua juu, inanusa. Midomo ikatafuna kitu kisichokuwepo. Vidole vya mkono wa kulia vikahangaika na kifungo cha blauzi. Wanawake walimsubiri wakiimba kiitikio cha wimbo wa harusi, mpaka akagutuka na kusema kwa sauti yangu ya chuo, "Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nikieleza..." Watu walishika mbavu. Nilicheka nao, nikiamini anatia chumvi.

Kilichonishinda kukana ni beseni la kuogea mtoto.

Nilikuwa nimeolewa Lisekese, kando ya mji wa Masasi, kwenye maji tele, na mwalimu mwenzangu, na tulikuwa na binti ambaye bado hajaanza kutembea. Mume wangu alinicheka kwa ubahili wa maji. Lakini aliyekulia Newala, ambako maji yalipanda mlima kichwani au yakaja na gari siku yalipojisikia, haoni sababu ya kummwagia mtoto mmoja ndoo nzima. Mimi nilimwogesha kwa vikombe viwili, kipimo cha kwetu.

Asubuhi moja nilimkalisha kwenye beseni, nikasikia harufu ya korosho zinazoungua. Kisha nikajikuta nimeshika sabuni, kifungo cha blauzi kimefunguka, na mtoto hayupo tena kitako. Amelala kifudifudi, ameinua kichwa, anayapiga maji kwa viganja na kucheka. Hayakumfika hata kwenye viwiko. Angezaliwa na mama mkarimu, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine.

Siku hiyo hiyo tulikwenda hospitali, Masasi mjini, na lile neno nikalitamka mwenyewe.

Daktari hakushtuka. "Kifafa si cha aina moja, mwalimu," alisema. "Kipo cha kuanguka na kukakamaa, ndicho watu wanachokijua. Kipo cha kukatika sekunde chache tu, sana sana kwa watoto. Anaacha neno katikati, anaendelea. Kipo kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na mtu anabaki amesimama kama hakuna kitu. Si kila dawa inafaa kila aina, ndiyo maana nataka kukijua chako. Kikikushika, unafanya nini?"

"Sijui, daktari. Wakati huo mimi sipo."

"Kabla yake je? Harufu, ladha?"

"Korosho zinaungua. Lakini kwetu korosho zinachomwa kila wakati."

"Mwezi wa nne?"

Nilitazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha, na mikorosho ng'ambo ya uwanja haikuwa na hata ua. Miaka ishirini nimenusa korosho nje ya msimu na sikuwahi kujiuliza ni nani anayechoma.

Daktari akamgeukia mume wangu. "Wewe humwona akifanya nini?"

"Huwa anawaza," alijibu mume wangu kwa heshima zote.

Basi ikabidi nimtaje mtani wangu. Minara ya simu ilikuwa imesimikwa karibuni, na yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua simu ya mkononi pale sokoni. Daktari alipiga kwa simu yake. Muda si muda aliitenga na sikio, maana mtani aliongea kama anayeita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Sote tulisikia.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Ndugu yako anapozubaa, inaanzaje?"

"Kwanza ananusa, kama mbuzi aliyesikia pumba. Halafu anatafuna, bibi asiye na meno kapewa karanga. Halafu mkono wa kulia unatafuta kifungo. Wa kushoto haufanyi kazi, wenyewe umekaa kama mgeni."

"Huwa wa kulia tu?"

"Siku zote. Nimemsoma miaka mingi, daktari, mimi ndiye mwenye shahada yake."

"Inachukua muda gani?"

"Kiitikio mara nne."

"Kiimbe."

Akaimba, pale pale sokoni, na wateja wake wakamwitikia. Daktari aliitazama saa yake. Mtoto alicheza mapajani mwangu. "Dakika moja na zaidi kidogo," alisema daktari, akaandika. "Akizinduka?"

"Anajibu swali la jana."

"Ahsante. Umenimalizia kazi. Kinaanzia sehemu moja ya ubongo, na dawa yake ipo."

Mtani alidakia. "Sasa mimi harusini nitacheza nini?" Kisha sauti ikashuka, nikalazimika kusogea. "Na mtoto nani atamwogesha?"

"Mama yake, ila pawe na mtu pembeni mpaka dawa ishike."

"Nitafunga biashara. Nakuja kesho na basi la asubuhi. Mwambie Msomi maji ni vikombe viwili vile vile, asije akajifanya mtu wa Lisekese."